Barua ya wazi kwa wanangu mnaojenga: hamieni hivyohivyo

Wanangu mnaojenga huko Chanika, Kibaha, Mbande na kwingineko, salamu zenu nimezipata, marahaba.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 72, na nimeamua kuandika kwa sababu wiki hii nimeongea na vijana watatu na wote wameniambia kitu kilekile, mzee nahamia nikimaliza finishingi. Nikiwauliza unamaliza lini, mtu anaanza kuhesabu, jipsamu bado, tailsi bado, madirisha ya aluminiamu bado, geti bado, na huku analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, boma lake limeshapauliwa tangu mwaka juzi wanalala popo.

Wanangu, hamieni.

Mimi nilijenga kwa mshahara wa ualimu. Benki ya Nyumba ilikuwa imeshafungwa 1995 kwa hiyo mtu wa aina yangu alijenga kidogokidogo, mwezi huu mifuko miwili ya saruji, mwezi ujao unapumzika. Novemba 1997 mwenye nyumba akataka vyumba vyake, na ndo ule mwaka wa Elinino, mvua zinanyesha hazikati, tukahamia. Nyumba ina bati na mlango mmoja basi. Madirishani tumepigilia maturubai, chini mchanga. Usiku wa kwanza upepo unalipiga turubai pa pa pa mpaka alfajiri, watoto wanne kwenye godoro moja, na mimi nimekaa na tochi naona aibu, nasema kimoyomoyo baba gani huyu analaza watoto mchangani. Kulipokucha mama yao akachukua kopo la maji akaunyunyizia ule mchanga wote taratibu kama anamwagilia mchicha, vumbi likatulia, akafagia, akatandika mkeka, akaniletea chai. Hakusema kitu. Mpaka leo nikimuona ananyunyiza maji uwanjani kabla ya kufagia nasimama namwangalia.

Ukuta wa sebuleni ulikuwa matofali matupu, nikaugeuza ubao. Nilikuwa naandika kwa mkaa jedwali la kuzidisha, watoto wanasoma huku wanakula ugali. Plasta nimekuja kupiga 2006, na siku hiyo fundi anachanganya udongo wake binti yangu wa pili akaenda kusimama palepale ukutani akamwambia fundi hapa usiguse. Ile sehemu ipo mpaka leo, upana kama wa mlango, mkaa umefifia ila ya saba bado inasomeka. Wageni wananiuliza kama saruji ilipelea.

Kaka yangu yeye alikuwa na hela kunizidi na alitaka ahamie mara moja tu, kila kitu kiwe pafekti. Ukuta wa jikoni alibomoa mara mbili. Kila akikaribia kumaliza anaona kwa mtu kitu kizuri zaidi, anarudi nyuma. Chumba cha binti yake alikipaka rangi ya waridi, rangi aliyoichagua mtoto mwenyewe akiwa darasa la tatu. Kaka amehamia 2012, binti ameshaolewa yuko Mwanza, na kile chumba sasa wanawekea magunia ya mahindi. Nyumba ni nzuri kweli, tailsi zinang'aa unajiona, na ndani wapo wazee wawili wanaitana kutoka upande huu hadi ule. Aliniambia siku moja tumekaa barazani, mdogo wangu, wanangu wote wamekulia kwenye nyumba za watu. Sikuwa na la kumjibu, na nikimkumbuka usoni siku ile ndo maana nawaandikia nyinyi bado mapema.

Sasa mnielewe vizuri. Kwenye msingi, nondo, lenta, paa, waya za umeme na shimo la choo, hapo uwe mkali na usimwonee fundi haya. Zege limwagiliwe maji siku saba hata kama anakwambia limeshakauka. Kariakoo Novemba 2024 tumezika watu kwa jengo kuporomoka, mambo ya kubeba uzito hayana kubahatisha. Lakini kona ya plasta ambayo haijakaa pima maji? Tailsi mbili zimepishana kidogo rangi? Hiyo utaiona wiki mbili, ya tatu umeshaweka kabati hapo. Nimemuona kijana anang'oa tailsi za sebule nzima kwa sababu boksi la mwisho halikufanana na mengine, na mkewe amesimama pembeni amebeba mtoto mgongoni, haongei, anaangalia tu zinavyopasuka. Ile hela ingeweka madirisha ya vyumba viwili.

Na hizo nyumba mnazoziangalia kwenye simu kabla ya kulala, ziangalieni tena vizuri. Hamna ndoo, hamna kandambili mlangoni, hamna daftari la mtoto mezani, picha imepigwa kabla hajaingia mtu. Nyumba ikiingia watu lazima ichafuke, ukuta utapata alama za mikono, mlango utakwama masika, bomba litavuja siku una wageni, utatengeneza na maisha yanaendelea. Hata ukimaliza kila kitu leo, baada ya miaka mitano unaanza kupaka rangi upya, kwa hiyo huko kumaliza mnakokusubiri hakupo wanangu, mimi nimeishi humu karibu miaka 30 na bado kuna chumba hakina silingi.

Wewe uliyenipigia Jumapili, mkeo anajifungua mwezi wa nane. Umesema chumba cha nyuma kina plasta na choo kimeshakamilika. Weka mlango imara wenye komeo, madirishani weka nyavu za mbu na mbao kwa nje, sakafu ya saruji tupu inatosha, mtoto hatambaagi kwenye tailsi akiwa na wiki moja. Kodi yenu inaisha mwezi wa saba, usilipe nyingine. Mama yenu ameshaanza kushona mkeka, futi sita kwa nane, nimemwambia vipimo ulivyonitajia na anasema utaenea. Tutakuja nao wenyewe.