Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: watoto wa Manfuha ni Wakenya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watoto waliozaliwa na mama zetu wanaofanya kazi Saudi Arabia, ambao hadi leo hawana karatasi hata moja inayoonyesha wao ni nani.

Nilikuwa shagala, yaani mfanyakazi wa nyumbani, Riyadh. Ijumaa nilizopewa ruhusa nilikwenda Manfuha, mtaa wanakopanga vyumba Waafrika wengi. Huko nilimjua dada mmoja wa Kilifi, kemboi, yaani amemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini. Alijifungulia chumbani, akazalishwa na mwenzake, maana hospitalini angedaiwa cheti cha ndoa asichokuwa nacho, na kuzaa nje ya ndoa kule ni kesi. Tarehe ya kuzaliwa mwanawe ameiandika kwa biki nyuma ya kadi ya laini ya simu. Ameifunga kwenye nailoni pamoja na nakala ya pasipoti yake. Pasipoti yenyewe ilibaki kwa kafili. Mtoto anaongea Kiarabu cha mtaani na Kigiriama cha mamake. Shule haiwezi kumpokea, na uwanja wa ndege hapiti.

Kuna wanaosema, "Si aliyataka mwenyewe?" Wapo waliopenda, wapo waliobakwa na waajiri, na inauma kusikia maneno hayo yakitoka kwa Wakenya wenzetu. Katiba ya 2010 haiulizi mimba ilipatikana vipi. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mamake au babake alikuwa Mkenya, hata kama alizaliwa nje ya nchi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu azaliwe.

Kwa hivyo naomba maafisa wa ubalozi waende Manfuha wenyewe. Kemboi hathubutu kupanda teksi hadi ubalozini, akikamatwa njiani mtoto abaki na nani? Penye shaka, mama na mtoto wapimwe DNA kwa gharama ya serikali na waambiwe majibu yatatoka lini. Mtoto apewe cheti cha kuzaliwa na hati ya dharura ya kusafiria. Kisha mketi na serikali ya Saudi Arabia mkubaliane mama aondoke na mwanawe bila kupitia jela.

Naomba pia utujibu hadharani: ni watoto wangapi wameshaandikishwa, na waliobaki watasafiri lini?

Wako,
Aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, sasa niko Mombasa