Askari mtuhumiwa naye apate wakili, tena mapema

Mhariri,

Nina steshenari jirani na mahakama hapa Tanga, kwa hiyo karatasi za watu hupita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa karani. Za askari polisi nazo zimo, na ndizo zilizonisukuma kukuandikia.

Askari akituhumiwa kumpiga mahabusu au kula rushwa barabarani, huku vijiweni Ngamiani hukumu hutoka kahawa haijapoa: "Na yeye aonje." Hasira hiyo naielewa. Wapo watu walioumizwa na haki hawajaiona. Lakini askari akikosa wakili, aliyeumizwa hafaidiki chochote. Anayefaidika mara nyingi ni mkubwa aliyetoa amri.

Konstebo anaitwa, anaambiwa aandike maelezo. Aliyeketi mbele yake ni afande wake, mwenye kauli juu ya uhamisho na cheo chake. Ataandika nini huyo? Ataruka pale penye "nani alituagiza", atasaini, atatoka. Kesi ikija, karatasi ile ile ndiyo inayombana, na aliyeagiza hayumo. Kuna mama aliniletea maelezo ya mumewe niyatoe kopi. Yameandikwa kwa peni ya bluu, hati nzuri kabisa, na neno "niliamriwa" limekatwa kwa mstari mmoja, pembeni ameweka saini ndogo kama utaratibu unavyotaka. Nani alimwambia alikate? Sikuuliza, si kazi yangu. Wakili angeuliza.

Na hawa ndio wanaotakiwa kuwaambia wengine haki zao! Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliye chini ya ulinzi nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Katiba, ibara ya 13(6), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Lakini tumezoea kusikia askari amevuliwa sare kwanza, ndipo akapelekwa mahakamani. Mshahara umekatika, kota anatakiwa aiache, na wakili anataka fedha taslimu. Kwenye kesi ya mauaji, ambayo haina dhamana, Serikali humlipia wakili Mahakama Kuu, ila kwa wakati huo maelezo yameshaandikwa zamani.

Kuchambua nani alifanya nini si kazi ya siku moja. Wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa Januari 2006. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia askari walioshtakiwa kwa mauaji hayo, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu.

Mwalimu akipata msala ana chama cha wafanyakazi cha kukimbilia. Polisi hana, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imewaweka kando polisi, magereza, JWTZ na JKT. Ile ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawalenga wasio na uwezo, na mwenye mshahara wa Serikali, hata uwe mdogo, hahesabiwi humo kirahisi. Wenzetu Afrika Kusini wana POPCRU, chama cha wafanyakazi cha polisi na magereza, tangu 1989. Uingereza polisi haruhusiwi kugoma, lakini sheria ya 1919 ilimpa shirikisho la kumsemea. Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1967 kwamba maelezo ambayo askari ameyatoa kwa kutishiwa kufukuzwa kazi hayawezi kutumika kumshtaki kwa jinai. Kesi ile ilihusu askari wa New Jersey waliodaiwa kuchezea faini za barabarani, jambo ambalo sisi wa njia ya Segera hatuhitaji kuelezwa.

Sidai chama, najua hilo litazua mjadala mwingine. Nasema mfuko. Askari wanajua kuchangiana, URA SACCOS, chama chao cha kuweka na kukopa, ipo. Wakatwe kidogo kila mwezi kwa hiari, fedha imlipe wakili tangu siku ya maelezo ya kwanza, isilipe faini wala fidia ya aliyepatikana na hatia. Na wakili huyo atoke nje ya jeshi kabisa, asiwe mtu wa kumpigia saluti yule yule anayetajwa kwenye maelezo.

Mgambo wa halmashauri, wanaotumwa kuwaondoa machinga na kisha kuachwa peke yao mtu akiumia, hata hiyo SACCOS hawana. Wao nao wafikiriwe.

Mwenye steshenari,
Tanga