Banda la chuma linanyanyuliwa na upepo

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wanaojenga banda la chuma la karakana nyumbani. Wengi tunahangaika na unene wa nguzo tu, tunasahau kwamba banda lililo wazi pembeni upepo unaingia chini unalinyanyua kama mwavuli, kwahiyo kinacholishika ni zege ya kwenye mashimo na zile bolti za bamba la chini ya nguzo, langu la kwanza nilichimba mashimo mafupi na sikuweka vyuma vya mshazari kwenye kona, likawa linayumba mpaka nikalifumua lote, iliniuma sana.

Paa lipeni mteremko jamani, maji yakituama kina cha milimita 10 tu, kila mita moja ya mraba inabeba kilo 10 za ziada. Na bomba lenye zinki usichomelee kabla hujaikwangua pale kwenye kiungo, ule moshi unaleta homa na kutetemeka.

Halafu kama unataka kuning'iniza cheni ya kunyanyulia injini, mwambie fundi kabla hajakata chuma, kenchi za kubeba bati peke yake haziwezi mzigo huo.

Msomaji wako