Mkono wa taipureta juu ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mhazili. Kazi niliianzia Chake Chake zama za taipureta na karatasi za kaboni, na sasa nachapa kwa kompyuta kwenye ofisi moja hapa hapa Pemba. Naomba nafasi niseme linaloniuma: mashine tumebadilisha, mkono hatujaubadilisha.

Juzi nilimkuta kijana aliyekuja kwa mafunzo kainamia barua 64 za kuwaita walimu wakuu wa skuli. Anaandika jina, anachapisha, anafuta, anaandika jina jengine. Saa saba mchana, yuko barua ya 19. Nikamwambia, mwanangu, hebu sogea. Majina yote anayo kwenye Excel! Tukafungua Word, pale palipoandikwa Mailings, tukaiita ile orodha, tukaweka alama jina linapokaa na skuli inapokaa, ili Word ijaze yenyewe kila barua. Kilichotuchelewesha ni orodha yenyewe: jina la mtu na skuli yake kavitia safu moja, ikabidi tuvitenganishe kwanza, kila kimoja na safu yake, na vichwa vya safu vikae mstari wa juu kabisa. Hata hivyo, alasiri haijaadhiniwa barua zote 64 ziko mezani zinasubiri saini.

Kisha kuna ile (c). Barua zetu za kiofisi hazendi bila ya vipengele: (a), (b), na ukifika (c) Word inakugeuzia alama ya hakimiliki, ile © ya kwenye vitabu. Nimewahi kupokea barua yenye (a), (b), ©, (d), na ilishapita kwa wakubwa watatu. Ikigeuka tu, bonyeza Ctrl na Z, itarudi. Ukitaka ikome kabisa, ingia File, Options, Proofing, kisha AutoCorrect Options, ukaufute mstari huo. Na ukishafika huko usitoke mikono mitupu, ifundishe Word na vifupisho vyako. Mimi nikiandika smz nikaacha nafasi, inatoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kamili. Sijui nimeokoa vidole vingapi.

Ile mistari myekundu chini ya kila neno nayo inawatia watu wasiwasi bure. Word inadhani tunaandika Kiingereza kibovu. Ctrl na A kuchagua maandishi yote, halafu Review, Language, uiambie hiki ni Kiswahili.

Umeme ndio mnaujua. Tangu 2010 tunaletewa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tunashukuru, lakini ukikatika haubishi hodi. Word hujiwekea akiba yake kila dakika 10 usipoibadilisha, na dakika 10 kwa mchapaji mwepesi ni ukurasa mzima. Ctrl na S kila ukimaliza aya. Mkono ukizoea unafanya wenyewe.

Barua pepe nimejifunza kwa aibu. Nilitaka kumwambia mwenzangu, "ukirudi nichukulie mafungu mawili ya dagaa." Badala ya kumjibu yeye peke yake nikajibu wote, na humo mlikuwa na walimu wakuu wa wilaya nzima. Mmoja akajibu: na sisi je? Siku ile ile nikaingia kwenye mipangilio ya Gmail, nikakuta kuna muda wa kuirudisha barua uliyokwisha kuituma. Yenyewe inakupa sekunde 5, nami nikaipandisha hadi 30, ndiyo mwisho wake. Ukishatuma, pale chini panatokea neno Undo, liwahi.

Mhariri, ukiichapa barua hii nakuomba herufi za hivyo vitufe uzikoleze wino. Mimi karatasi yangu niliibandika ubavuni mwa skrini, na kila nikirudi likizo naikuta haipo.

Mhazili,
Wete, Pemba