Barua ya wazi kwa wanakwaya waliozika wenzao

Wanangu wapendwa katika Bwana,

Bwana Yesu asifiwe. Hii ni wiki ya sita tangu tuwazike wenzenu wawili. Maturubai yamekwisha kurudishwa kwa wenyewe na waombolezaji wameshika njia zao. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mmoja wenu alinifuata hadi chini ya mwembe akaniambia kwamba tangu siku ile ya ajali hawezi kuimba, na kwamba anaogopa imani yake imezikwa pamoja na wale wawili. Nilimwambia ajipe moyo, neno ambalo sisi wazee hutembea nalo mfukoni kama chenji, na usiku ule sikupata usingizi. Najua hayuko peke yake, kwa hiyo nililopaswa kumwambia nawaandikia nyote.

Mdogo wangu alipanda MV Bukoba, meli ya Ziwa Victoria. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Jioni ya Mei 20, 1996 aliondoka hapa na mikungu yake ya ndizi kwenda kuiuza Mwanza, na asubuhi yake meli, ikiwa imejaza kupita kiasi, ikapinduka ikiwa imekaribia kufika. Mmesimuliwa kwamba ndani ya meli ile iliyogeuka walikuwamo watu hai waliokuwa wakigonga chuma, na kwamba lilipokatwa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mama alisikia habari hiyo, na hadi anafariki alikuwa akiuliza kama mwanawe alikuwa miongoni mwa waliogonga. Wengi walizikwa Igoma, kulekule Mwanza. Wa kwetu hakutambuliwa, na kibanjani, ambako sisi Wahaya humlaza mtu wetu, kaburi lake halipo hadi leo.

Mama alikuwa mwimbaji kuliko mimi na ninyi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuja kanisani kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa mapajani, asiimbe hata ubeti mmoja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimechaguliwa mzee wa kanisa, nami nikaona haya mbele za watu, nikamwambia, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Akanitazama, akasema, "Hilo nalijua. Nakuja ili anione nilivyonyamaza." Nilidhani anakufuru. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba mtu aliyekwisha kuachana na Mungu hajisumbui kuoga, kuvaa na kupanda kilima kwenda kumnyamazia, hubaki nyumbani.

Wala si mama yangu aliyeanza. Martha alimpokea Yesu kwa lawama, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," na dada yake akaja na maneno yaleyale, lakini hatusomi popote kwamba walikemewa. Tunasoma kwamba Yesu alilia, ingawa alijua fika kwamba baada ya muda mfupi angemwita Lazaro atoke kaburini. Someni pia Zaburi ya 88, ambayo sijapata kuisikia ikisomwa msibani. Inaanza kwa kumwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu" na inaishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado ni sala, na bado imo katika Biblia.

Paulo naye anaposema kwamba dhiki huleta saburi, anaweka saburi na uthabiti wa moyo kwanza, ndipo anafika kwenye tumaini. Sisi hupenda kumrusha mfiwa moja kwa moja hadi tumaini, ikiwezekana kabla ya arobaini. (Na yule mhubiri aliyewaambia kwamba wenzenu wamekufa kwa sababu kwaya ilipungukiwa na maombi, msimjibu, lakini msirudi kwake.)

Huenda mnajiuliza imani ilikomaa wapi katika habari hii. Sauti ya mama haikurudi kama ilivyokuwa. Ila katika mtaa wetu hakukuwa na msiba ambao hakuuendea: alikuja na kisu chake, akaketi jamvini upande wa jikoni, akamenya ndizi tangu asubuhi hadi vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, asitoe hotuba wala ushauri. Wajane walikuwa wakisogea kuketi karibu naye. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo wiki pekee waliyomsaidia.

Alhamisi saa kumi na moja jioni mazoezi yapo. Anayeweza kuimba aimbe. Asiyeweza aje vilevile, aketi kwenye sauti yake, iwe ya kwanza au besi, na kitabu akifunge akitaka. Nimemwomba mwalimu wa kwaya asimwulize mtu lolote.

Ni mimi mzee wenu.