Nimeliona gari lako, mtani

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mtani wangu Masanja,

Salaam kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Hapa wote wazima, ila joto la Dar unalijua. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kila neno, na wewe ukishapenda kitu masikio huziba. Isome yote, halafu mpe shemeji naye asome. Hela ni zenu wawili.

Magari yote mawili ya kulala porini unayotaka kununua, uliyonitumia picha, nimekwenda kuyaona.

Lile Land Cruiser lenye hema juu ya paa na namba za Ulaya lisahau. Ni zuri, sikatai, na najua bei yake ndiyo iliyokukosesha usingizi. Bei ni ndogo kwa sababu gari lile halijalipiwa ushuru hata senti moja hapa nchini. Wenyewe wamelishusha nchi hadi nchi kwa kaneti, kile kitabu cha dhamana kinachosema gari limeingia kwa muda na litatoka. Ukilinunua likabaki hapa, deni la forodha linakufuata: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na juu yake nyongeza ya uchakavu kwa gari la umri ule. Na hesabu yote inapigwa kwa thamani wanayoijua TRA, watu wa mapato, wala hawatakuuliza wewe ulilipa ngapi. Mimi nimesukuma makaratasi bandarini mpaka nikastaafu, usinibishie hapo. Hata wauzaji nao wakirudi kwao bila kaneti kugongwa muhuri wa kutoka, dhamana yao inaliwa. Na ukilipeleka hifadhini na namba zile za nje, getini wanakudai dola. Nilikunywa chai yao, nikawatakia safari njema.

Delica, lile basi dogo la Mitsubishi, ndilo gari la kulijadili.

Ni Space Gear, lile umbo lililoanza 1994, injini ya dizeli ya 2.8 yenye tabo. Limesajiliwa hapa hapa, na jina lililoko kwenye kadi ni la huyo huyo anayeuza. Mkataba wake wa kazi umeisha, anarudi kwao, gari amemwachia dalali mmoja wa Mikocheni. Wanataka milioni 34. Dalali anadai vitu vilivyofungwa peke yake vinazidi hapo, na akanihesabia kwa vidole: kitanda, friji, sola, inveta, winchi, tairi kubwa, turubai la kivuli la pembeni, lile bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka usawa wa paa. Hapo ndipo mimi na yeye tuliposhindana. Vitu vile vyote mimi nimevipa bei ya sifuri. Nimelipima gari lililo chini yake, kisha nikaangalia kila kilichoongezwa kimetoboa wapi, kimeungwa na nini na kimeongeza kilo ngapi. Vingine, mtani, vinashusha bei.

Nianze na gari lenyewe. Siku ya kwanza nilifika nikakuta injini ina moto. Dalali anasema alitoka kuliosha. Nikaweka kiganja kwenye rejeta, nikamwambia nitarudi kesho alfajiri na ufunguo asiuguse. Alinuna. Lakini injini hii ya 4M40 ugonjwa wake unaojulikana ni silinda hedi, kile kichwa cha injini, kupasuka ikishachemka, na dalili utaipata vizuri ikiwa imelala usiku kucha. Mipira ya maji ikikutwa bado migumu asubuhi, ujue kuna presha imeingia isikotakiwa.

Kesho yake nilikwenda na fundi wangu wa gereji, yule wa Gerezani karibu na Kariakoo. Mipira tukaikuta laini. Tukafungua mfuniko wa rejeta, tukawasha, maji yametulia bila povu. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi, ukakatika. Fundi huyu huwa hasifii gari la mtu hata kwa kulipwa, lakini alisema, "Hii injini haijachokozwa." Hayo ndiyo maneno ya thamani kuliko inveta na winchi kwa pamoja. Na kwa kuwa Pajero za zamani zinatumia injini hiyo hiyo, vipuri Kariakoo havitakutoa jasho.

Alichokunjia uso ni mabomba ya maji yanayopita chini ya gari kwenda kwenye hita ya nyuma. Wajapani waliiweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Hapa sidhani kama imewahi kuwashwa, ila maji yanazunguka mle mle, na chuma kimeshaliwa na kutu. Bomba likitoboka porini maji yanaisha bila wewe kujua, injini inachemka, hedi inakwenda. Dawa ni kuukata mzunguko ule kwa mbele na kuuziba. Si kazi kubwa. Shemeji akilalamikia baridi ya Kitulo, blanketi lipo.

Halafu kulijaribu. Dar ni tambarare mno, gari bovu linaweza kuishi Masaki miaka kumi lisijulikane. Tukalipandisha Pugu mpaka Kisarawe, likavuta vizuri na mshale wa joto haukutikisika. Tukageuza, tukavuka daraja la Kigamboni, tukaliingiza mchangani. Ile gia ndogo ya pembeni ina nafasi nne: magurudumu mawili, manne, manne na difu ya kati ikiwa imefungwa, na manne mazito kwa kukwamuka. Tatu za kwanza unabadilisha gari likitembea. Ile nzito lazima usimame kabisa. Tulipoweka manne, taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi zikawa zinamemeteka bila kutulia. Dalali akasema, "Hizo taa tu, mzee." Fundi akacheka. Gari linakuambia ekseli ya mbele haijashika. Kwenye Delica inashikishwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa, kupitia vimipira vyembamba na vali ndogo za umeme, na vimipira vikikauka hewa inavuja. Alikata ncha ya kimpira kimoja iliyopasuka, akakirudishia, taa zikatulia na tukatoka mchangani bila kusukumwa. Vyote vile vibadilishwe. Ni vitu vya bei ndogo. Ila mtu anayekuuzia gari la porini bila kujua kama magurudumu ya mbele yanashika, ujue porini halikwenda sana.

Sasa mapambo.

Lile bomba la hewa kwanza, maana najua ndilo lililokupendeza kwenye picha. Kulipima ni rahisi: injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Kama limefungwa sawasawa, injini inakosa pumzi na kuzimika. Niliziba, injini ikaendelea kunguruma kama sijafanya kitu. Maana yake hewa inaingia kwingine huko chini. Bomba wamelikomelea kwenye bodi lakini maungio hayajazibwa. Ukiliamini ukaingia nalo Jangwani Msimbazi ukiwa umefurika, injini itakunywa maji, na dizeli ikinywa maji konrodi, vile vyuma vinavyobeba pistoni, zinapinda. Heri gari lisilo na bomba kabisa, maana mwenye gari hilo huogopa maji.

Gari limenyanyuliwa. Nyuma wamebadili springi, kazi safi. Mbele wamekaza tu tosheni baa, vile vyuma vinavyojisokota badala ya springi, mpaka mwisho, kwa hiyo mguu hauna nafasi ya kushuka, linadunda kila tuta, na raba za dravu shafti zimekaa upande mpaka moja imechanika na grisi imetapakaa. Tosheni baa zilegezwe, gari lishuke kidogo, mgongo wako utashukuru. Tairi zina kashata nene, lakini zile tarakimu nne ubavuni zinasomeka 1416, yaani zimetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Hizo ni mzee mwenzangu. Isitoshe ni kubwa kuliko za kiwandani, mshale wa spidi unasoma pungufu. Wewe utadhani uko 50 unapita kijijini, trafiki mwenye tochi kichakani atakuwa na jibu lingine.

Umeme ndio ulionitisha. Betri ya pili wameificha chini ya kitanda, na waya mnene unatoka betri ya mbele mpaka kule nyuma bila fyuzi hata moja. Umepita juu ya bati kali, umefungwa kwa utepe mweusi. Siku ngozi yake ikichubuka ukagusa bodi, hakuna cha kuukata. Unawaka juu ya godoro, watoto wamelala. Fyuzi inatakiwa karibu kabisa na kila betri, ncha zote mbili. Mwenyewe hakuwepo kwa hiyo sikumtukana. Betri yenyewe ni ya asidi, imeandikwa amp-saa 100, lakini za aina hiyo ukizikausha kupita nusu unaziua mapema, kwa hiyo hesabu 50. Friji ile kompresa ikizunguka inakula kama amp nne. Ukiegesha kivulini siku ya mawingu, bia za asubuhi ya pili zitakuwa vuguvugu. Sola ni nzima, friji ni nzima, hivyo vibaki. Waya zote za nyuma zing'olewe, zipigwe upya na fundi umeme wa kweli.

Jiko la gesi limewekwa kwenye kabati, mtungi wa kilo 6 ndani, milango imebana vizuri, hakuna tundu la chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni na kungoja kiberiti. Kabati litobolewe sakafu ipumue nje, au mtungi ukae nje kabisa. Kabati zenyewe ni za MDF, zile mbao za unga uliobanwa, na karibu na sinki zimeshavimba. Tangi la maji la lita 80 liko upande wa kulia peke yake, nawe ukikaa kwenye usukani upande huo huo, na mwili ulio nao, gari linainama. Usicheke, nimelipima kwa macho likiwa limejaa.

Paani wamepitisha bolti za keria kwenye bati na kuziba kwa silikoni. Nilibonyeza dari kwa kidole kila baada ya hatua. Kona ya nyuma kushoto ni laini na ina alama ya chai. Linavuja. Chini nako wamepaka rangi nyeusi mpya, jambo ambalo siku zote hunitia shaka, kwa hiyo fundi alikwangua sehemu tatu. Chasi ni nzima. Nashukuru tulikwangua, ningelikataa bure.

Jambo ambalo hujaniuliza, na shemeji angeuliza: watoto watakaa wapi? Viti vya nyuma vyote vimetolewa kupisha kitanda. Kadi inasema gari la abiria wanane, ndani kuna viti viwili. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, huwezi kuwalaza watatu kitandani bila mkanda mpaka Nzega. Nimembana dalali, kumbe viti vya safu ya kati viko stoo kwa mwenyewe. Viwe ndani ya bei, virudishwe na mikanda yake, kitanda kikatwe kiwe kifupi. Na ukikata bima kubwa waeleze wenye bima mabadiliko yote, kwa maandishi na picha, wasije wakakugeuka siku ya ajali.

Makaratasi sina shida nayo. Namba ya chasi na ya injini zinalingana na kadi, nimezisoma mwenyewe kwa tochi. Faini za trafiki nimeangalia, ipo moja, ataimaliza mwenye gari. Rangi ya kwenye kadi ni fedha, na gari sasa ni kijani; ataibadilisha huko TRA kabla hatujahamisha jina, siyo baada.

Kwa hiyo ndio, lichukue, ila kama gari, siyo kama nyumba. Mwambie milioni 26. Akikaza, panda mpaka 28 na viti ndani, usipite hapo, kwa sababu umeme, tairi na paa vitakula si chini ya milioni tatu kabla hujaweka hata sufuria. Usimtumie dalali hela yoyote ya "kushikilia gari". Nikipata jibu lako kabla ya Alhamisi nitakaa na mwenye gari mwenyewe mbele ya mwanasheria, hela ipite benki kwa jina lililoko kwenye kadi, halafu gari liingie Gerezani moja kwa moja. Wewe njoo ulichukue likishatoka, usije mapema ukaanza kumsumbua fundi.

Wakikataa 28, nina Hiace moja nimeiona Mwenge, nayo inavuta magurudumu yote, haijafungwa kitu chochote. Tutaifunga wenyewe, fyuzi mahali pake. Na kama tatizo ni hela, ninyi Wasukuma mna ng'ombe. Uza wawili uache kunililia Mzaramo wa watu.

Mtani wako,
Salehe

N.B. Picha za chini ya gari nakutumia kwenye simu leo usiku. Zile zenye kutu ni za mabomba ya hita, usishtuke.