Nguzo ya darubini isiguse baraza

Mhariri,

Tangu mvua za masika zilipokatika nimekuwa nikijenga, nyuma ya nyumba yangu hapa Kahawa Sukari, nguzo ya zege ya kusimamishia darubini, na ningependa kuwatahadharisha wanaokusudia kufanya vivyo hivyo kuhusu jambo ambalo fundi wangu, ingawa ni hodari wa kuta na ngazi, hakulielewa upesi. Aliiunganisha nguzo na sakafu ya baraza. Kila mtoto alipopita na ndoo, Zohali ilicheza ndani ya lenzi kama chemli mkononi mwa mlevi, kwa kuwa darubini inayokuza mara 150 huukuza mtikisiko vilevile. Ilitubidi tuikate sakafu kuizunguka nguzo na kuacha mwanya wa upana wa kidole, tukaujaza mchanga.

Kisha kuna latitudo. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, hivyo mhimili wa stendi inayofuata mzunguko wa dunia hulala karibu sambamba na ardhi, ilhali stendi nyingi zinazotoka ng'ambo hazishuki kiasi hicho. Nami nililazimika kuchomelewa kabari ya chuma.

Lililobaki haliko mikononi mwangu: taa za usalama za majirani, ambazo humulika mawingu kuliko lango, kana kwamba mwizi atashuka kwa mwavuli. Kipande cha bati juu ya kila taa kingetosha, nami niko tayari kuzikata bati hizo mwenyewe.

Msomaji wako,
Kahawa Sukari, Nairobi